Mchumba wa Ghorofa ya Tano

Tangu asubuhi Perpétue Kasika alikuwa akibadilisha vitenge. Cha bluu alikivaa, akaona kinamfanya aonekane kama mtu anayekwenda msibani. Cha njano chenye maua mekundu akakivaa, akaona hicho kitasema kila kitu kabla yeye hajafungua kinywa. Mwishowe akarudia kile cha bluu, akafunga kilemba cha njano, akajitazama kwenye kioo na kujicheka. Mwanamke wa umri wake, mwenye wajukuu waliomzidi urefu, moyo unamwenda mbio kwa sababu mwanawe anakuja kula chakula cha mchana.

Chakula chenyewe hakikumpa shida. Sombe ya majani ya muhogo ilikuwa imeiva, ndagala, wale dagaa wa kwao, walikuwa wamekaangwa wakakauka vizuri, na bukari angeisonga wageni wakishaketi. Shida ilikuwa maneno. Leo alikuwa amwambie Eliezer, mtoto wake wa pekee, kwamba anataka kuolewa.

Nyumba aliyoishi Perpétue ilikuwa hoteli zamani, katikati ya jiji la Saint Paul. Wenyeji wenye umri mkubwa bado waliiita kwa jina lake la zamani, Hoteli Wentmore, na walipenda kusimulia jinsi mama zao walivyokuja kucheza dansi katika ukumbi wa chini wakiwa wamevaa glavu nyeupe. Baadaye hoteli ilikufa, madirisha yakapigiliwa mbao, njiwa wakahamia. Kisha ikafufuliwa na kugawanywa nyumba ndogondogo za watu waliostaafu. Kaunta ya marumaru iliachwa palepale ilipokuwa, na nyuma yake vile visanduku vya mbao vilivyowekewa funguo za wageni. Ukumbi wa dansi nao uliachwa. Siku za Jumamosi wazee walikunywa chai humo, na mmoja wao akapiga piano.

Perpétue aliletwa hapo akilia. Eliezer na mkewe Alice walikuwa wakikaa New Hope, kitongoji nje ya jiji, kwenye jengo la ngazi nyingi lisilo na lifti, na goti la Perpétue lilikuwa limeharibika baada ya kuteleza kwenye barafu. Daktari alikataza ngazi. Eliezer alihangaika kutafuta mahali, na alipopata hapa alilia kuliko mama yake, maana kwa watu wao kumpeleka mzazi kwenye nyumba ya wazee ni kama kumtupa. Alimwapia kwamba ni kwa muda tu, kwamba atamfuata.

Jambo ambalo Perpétue hakuwahi kumwambia ni kwamba machozi yake yalikauka mapema. Alipapenda. Alikuwa na jiko lake, ufunguo wake, na dirisha lililoona kipande cha mto na daraja. Maisha yake yote alikuwa amelala katika nyumba ya mtu: ya baba yake, ya mumewe, hema la wakimbizi, kisha ya mwanawe. Hapa, akiamka, ukimya wa asubuhi ulikuwa wake.

Na hapa ndipo alipokosea mlango.

Korido za ile hoteli zilifanana zote, zulia lilelile, taa zilezile, milango myeupe pande zote. Siku moja alisahau kubonyeza namba, lifti ikaitwa ghorofa ya tano, bibi mmoja akaingia, na Perpétue akatoka akidhani amefika kwake ghorofa ya nne. Akauendea mlango uliokuwa mahali pa mlango wake, akachomeka ufunguo, ufunguo ukagoma. Akausukuma kwa bega. Akaubembeleza. Mwisho akaugombeza.

"Fungula basi, wewe mlango. Nimekukosea nini?"

Sauti ya mwanamume ikamjibu kutoka ndani, kwa Kiswahili cha Kenya.

"Hujanikosea kitu, mama. Ngoja tu nizime jiko."

Mlango ukafunguka. Akasimama mbele yake mzee mrefu, kichwa cheupe kwa mvi, aproni kiunoni na mwiko mkononi, miwani yake imefunikwa na mvuke. Ndiye Cyrus Gitonga, mgane, nesi aliyestaafu kutoka hospitali moja ya Minneapolis. Aliivua ile miwani ili amwone aliyekuwa akigombana na mlango wake, na Perpétue akakutana na macho matulivu yenye kicheko ndani yake. Alitaka kuomba radhi, akasahau kwa lugha gani.

Siku chache baadaye alimpelekea ndagala wa kumwomba radhi, kisha Cyrus akashuka kurudisha bakuli. "Kamata kiti," Perpétue alimwambia, kama anavyosema kila mtu kwao Uvira. Cyrus akakitazama kiti kwa makini, akauliza kimeiba nini. Ilimchukua Perpétue muda kuelewa kwamba kwa akina Cyrus polisi ndio wanaokamata, na alipoelewa alicheka mpaka akashika meza. Alikuwa amesahau kwamba kicheko kinaweza kuuma mbavu.

Kuanzia hapo kila asubuhi baada ya chai walitembea pamoja katika yale madaraja ya vioo yanayounganisha majengo ya katikati ya jiji, watu wapite bila kukanyaga theluji. Cyrus alimwambia goti lake halitaki kupumzishwa, linataka kutembezwa. Yeye mwenye miguu mirefu alifupisha hatua zake bila kusema. Alimsimulia habari za marehemu Susan, mkewe, na Perpétue akamsimulia habari za mumewe Mugabo, aliyefia kambini Tanzania. Hakuna aliyemtaka mwenzake asahau. Lakini Perpétue aliona jambo moja: kila Cyrus alipotaka kumwambia neno lililotoka moyoni, aliivua miwani yake, kana kwamba hakutaka hata kioo kiwe katikati yao.

Siku aliyoivua akaipangusa muda mrefu kwa ncha ya koti, walikuwa katikati ya daraja, theluji ikianguka kila upande na basi likipita chini ya miguu yao.

"Mama Eliezer," alisema, kisha akajirekebisha. "Perpétue. Mimi si kijana wa kuchezea mtu akili. Nimeizoea sauti yako. Siku usipokuja, chai inanishinda. Ningependa tuoane, kama utakubali."

Perpétue alilifuata lile basi kwa macho mpaka likakata kona. Uso ulimwaka moto kama wa msichana.

"Umengoja tufike juu ya barabara ndiyo uniambie?" aliuliza. "Nikianguka je?"

"Ndiyo maana nimekushika mkono."

Alitazama chini. Kweli mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wa Cyrus, umetulia humo, na hakujua ulikuwa humo tangu saa ngapi.

Alikubali kabla hawajafika upande wa pili. Aliweka sharti moja tu, kwamba Eliezer asikie kutoka kwake mwenyewe na si kwa watu wa kanisani. Cyrus alikuwa amekwisha kumpigia simu binti yake Mumbi, anayekaa Bloomington. Mumbi aliuliza tu kama huyo mama anajua kwamba baba yake anakoroma. Kwa upande wa Cyrus mambo yaliishia hapo.

Kwa hiyo Jumamosi hii, wakati barafu ya mtoni ilipokuwa imeanza kuvunjika, walipanga hivi: Cyrus angojee chini kwenye ukumbi wa chai, Perpétue amlishe mwanawe, amweleze taratibu, kisha amshushe wasalimiane. Ulikuwa mpango mzuri. Haukudumu hata mpaka wageni walipovua makoti.

Eliezer aliingia akitabasamu kama mtu aliyeficha kitu. Alikuwa mwanamume mnene kidogo, mwenye sura ya upole na macho ya mtu anayefanya kazi nyingi. Alice nyuma yake alishindwa kabisa kujizuia, akawa anamfinya mumewe aseme. Basi akasema. Alitoa funguo mfukoni, akaziweka mezani mbele ya mama yake.

"Mama, tumepata nyumba."

Nyumba yao wenyewe, hukohuko New Hope. Chumba cha mama kipo chini, hakuna ngazi hata moja. Alice alimwonyesha picha kwenye simu: kuta za kijani, kitanda kipya, dirisha linalotazama nyuma ya nyumba ambako kuna kipande cha ardhi. Eliezer alisema atapanda lengalenga, mchicha wa kwao, hapo theluji ikiisha. Alisema rangi ile aliipaka mwenyewe, ni kijani cha nyumba yao ya Uvira, anaikumbuka? Jumamosi ijayo atakodi lori, atakuja na vijana wa kanisani, watahamisha kila kitu. Mambo ya mama kukaa hotelini yamekwisha.

Perpétue aliitazama ile picha, kisha akaitazama mikono ya mwanawe. Rangi ya kijani ilikuwa bado imebaki pembeni mwa kucha zake. Machozi yakamtoka.

"Aksanti, papa," alisema, maana kwao papa ni baba, na mama humwita mwanawe hivyo kwa mapenzi. "Aksanti sana."

Wakamkumbatia wote wawili, wakidhani ni machozi ya furaha. Nusu yake yalikuwa ya furaha kweli. Ile nusu nyingine aliibeba mpaka jikoni, akasonga bukari kwa nguvu isiyokuwa ya lazima, akapakua, wakaketi kula. Yeye mwenyewe hakuweza kumeza. Kila alipofungua kinywa aliona kucha zile, akakifunga tena.

Alice ndiye aliyeona. Aliinuka kuongeza sombe, akakuta pembeni mwa jiko sahani iliyojazwa vizuri, imefunikwa kwa sahani nyingine ili isipoe.

"Hii ya nani, mama?"

"Ya mtu," Perpétue alijibu.

Eliezer alitabasamu. Alidhani mama yake ameanza kumlisha bibi fulani wa kizungu wa jirani. Akauliza mtu gani.

Perpétue aliona kwamba hakuna tena mahali pa kujificha. Alifuta mikono, akaiweka mapajani.

"Papa Cyrus. Anakaa ghorofa ya tano. Eliezer, huyo mtu ameniomba tuoane, na mimi nimekubali."

Tonge lilibaki mkononi mwa Eliezer. Alice aliitazama sahani yake kana kwamba kuna kitu kimeandikwa humo.

"Kuolewa," Eliezer alisema mwishowe. "Wewe."

"Mimi."

"Bon. Pardon, mama. Acha nielewe. Nimekuacha hapa kidogo tu nikutafutie nyumba, na sasa umepata bwana?"

"Sikumtafuta. Nilikosea mlango."

Alice alikohoa ghafla, akajifunika mdomo kwa kitambaa. Eliezer hakucheka. Alianza kuuliza, na kila swali lilitoka na joto zaidi ya lililotangulia. Huyo mtu ni nani, wa wapi, anasali kanisa gani, watoto wake wanasema nini. Mkenya, kwa nini Mkenya? Pasta atasema nini? Watu wa kanisani watasema Eliezer alimwacha mama yake peke yake mpaka upweke ukamsukuma kwa mwanamume. Perpétue alimjibu moja baada ya moja, kwa sauti ya chini, mpaka neno hilo la upweke lilipomgusa.

"Upweke ningeweza kuubeba," alisema. "Unajua nimebeba vizito kuliko huo. Huyu mtu simtaki kwa sababu ya upweke. Ninamtaka kwa sababu nikimwona roho yangu inacheka."

Eliezer alisukuma sahani yake pembeni. Alipozungumza tena hasira ilikuwa imeondoka, na kilichobaki kilikuwa kigumu zaidi kukitazama.

"Na Papa?" aliuliza. "Papa Mugabo aliniachia wewe, mama."

Akanawa mikono, akachukua koti lake, akatoka. Hakuubamiza mlango. Aliufunga polepole, kama mtu anayemwacha mgonjwa usingizini, na Perpétue aliona heri angeubamiza.

Alikaa palepale. Alice alikuja akaketi karibu yake, akamshika bega. Alimwambia kwamba chumba kile Eliezer alikipaka rangi, akaitazama, akasema siyo kijani cha Uvira, akakipaka upya chote. Alikuwa akitoka kazini, anabadilisha nguo, anaenda kupaka. Si kwamba anamchukia huyo mzee, Alice alisema, hamjui hata sura. Kisha akamfunga upya mama mkwe wake kilemba, kilichokuwa kimelegea.

"Umufuate, mama. Mimi nitabaki na jiko." Akasita, akashindwa kujizuia. "Na huyo papa, ni mzuri?"

"Ni mrefu," Perpétue alisema, na licha ya yote akahisi mashavu yake yanapata joto.

Alishuka kwa lifti akiomba njia nzima amkute. Mlango ulipofunguka, sauti ya piano ilikuwa inatoka ukumbini, pamoja na vicheko na milio ya vikombe. Na kwenye kochi la ngozi karibu na mlango mkubwa, Eliezer alikuwa ameketi, koti limefungwa mpaka shingoni, ufunguo wa gari mkononi, anatazama sakafu. Hakuwa ameweza kuondoka.

Hakuwa peke yake. Kwenye kaunta ya marumaru alisimama Cyrus, ndani ya suti ya kijivu. Alikuwa ametoka ukumbini kuchungulia, akaona kijana mwenye macho ya Perpétue anapangusa uso kwa kiganja, na akaelewa kwamba mambo hayakwenda kama walivyopanga. Hakumsogelea. Alipomwona Perpétue akitoka kwenye lifti, aliivua miwani na kumtazama tu. Ulikuwa mtazamo wa mtu anayesema nipo, na kama leo si leo nitangoja. Kisha akawageuzia mgongo, akaanza kukagua visanduku vya funguo kama mgeni aliyekuja kutalii, ili mama na mwana wawe na faragha yao.

Perpétue aliketi kando ya mwanawe. Akamfungua kifungo cha juu cha koti. Halafu Eliezer akaanza kumsimulia jambo ambalo hakuwahi kumsimulia. Siku Mugabo alipokuwa anakata roho pale kambini, Perpétue alikuwa amekwenda kuchota maji. Eliezer alikuwa peke yake na baba yake, mtoto ambaye sauti yake haijavunjika. Mugabo alimshika mkono, akamwambia: mama ni wako sasa. Hakusema jingine.

"Tangu siku ile sijalala vizuri, mama. Kila kazi niliyoifanya ni kwa sababu ya hilo neno. Sasa nikikutoa kwa mtu mwingine, Papa nitamwambia nini?"

Perpétue akaona kila kitu upya: yule mtoto aliyemnyang'anya madumu ya maji, aliyesimama mbele yake kwenye kila foleni, aliyejibu maswali ya ofisini kwa niaba yake, aliyekataa kuoa mpaka mama awe na chumba. Alikuwa akidhani ni tabia yake tu. Alimshika mkono ule wenye kijani kwenye kucha.

"Mwambie umemaliza," alisema.

Eliezer aligeuka kumtazama.

"Papa yako alikuachia mzigo mkubwa kuliko mabega yako, na ukaubeba. Umenifikisha hapa nikiwa mzima. Nimeshiba, nimevaa kitenge kizuri, nina ufunguo wangu. Ile kazi aliyokupa imekwisha, umeifanya yote. Sasa nataka unirudishie mtoto wangu. Uje unitembelee, ukule, ulalamike chumvi imezidi. Tangu siku ile uligeuka kuwa baba yangu, nimekosa mtoto."

Eliezer aliinamisha kichwa begani kwake, mwanamume mzima, katikati ya sebule ya hoteli, watu wakipita na vikombe vyao vya chai. Alilia bila sauti. Perpétue alimpigapiga mgongo kwa mdundo aliompigia alipokuwa mchanga, na akashangaa kwamba kiganja chake bado kinaujua.

Eliezer alipojikausha uso aliuliza, bila kumtazama, kuhusu kile chumba. Perpétue alimwambia atalala humo. Atakuja wakati wa kupanda, wakati wa kuvuna, wakati wa sikukuu, na kila atakapowakumbuka. Lakini baadaye atarudi hapa nyumbani kwake.

"Utakuja wewe peke yako?"

"Tutakuja."

Eliezer alizungusha ufunguo wa gari kwenye kidole.

"Kile kitanda nilichonunua ni cha mtu mmoja," alisema.

Perpétue hakujua kama anaruhusiwa kucheka. Eliezer ndiye aliyeanza, kicheko kidogo cha puani, kisha kikubwa, na Perpétue akamfuata, wakawa wanacheka huku wanafuta machozi, na bibi mmoja mwenye kigari cha kutembelea akasimama kuwatazama kwa furaha, ingawa hakujua kinachochekesha ni nini.

Kisha Eliezer akainuka, akanyoosha koti lake, akaenda kwenye kaunta.

Perpétue alibaki kwenye kochi, mikono imekazana mapajani. Piano ilimzuia kusikia. Aliwaona tu, mrefu na mfupi, wamesimama mbele ya vile visanduku. Eliezer alizungumza muda mrefu, kidole kikipanda na kushuka. Cyrus alisikiliza akiwa ameshika miwani mkononi, akitikisa kichwa kukubali. Cyrus naye akasema maneno machache. Eliezer akauliza kitu. Cyrus akashtuka, akatazama chini kwenye viatu vyake, akajibu, na wote wawili wakacheka. Mwishowe mwanawe alitoa mkono wa kulia, akauegemeza kwa wa kushoto, kama wanavyosalimiwa wakubwa kwao. Hapo Perpétue alifunga macho akashukuru Mungu.

Walipomfikia, Eliezer alisema Alice anangoja juu na bukari inapoa. Yeye atapanda kwa ngazi, alisema, anataka kunyoosha miguu. Perpétue alijua kwamba anataka kunyoosha uso kabla mkewe hajamwona, akamwacha. Aliingia kwenye lifti na Cyrus, mlango ukafungwa.

"Amekwambia nini?"

"Nije na watu wangu Jumamosi ijayo, New Hope. Mambo haya hayazungumzwi kwenye korido, amesema. Nivae vizuri kuliko leo." Cyrus aliitazama suti yake kwa huzuni kidogo. "Hii ndiyo nzuri niliyo nayo, lakini sikumwambia."

"Na wewe ukamwambia nini?"

"Nikamwambia sikuja kumchukulia mama yake. Akasema nisijali, mama yake hachukuliki. Hata yeye amekuja na nyumba nzima, akashindwa."

Perpétue alicheka. "Na mlikuwa mnacheka nini?"

"Ameniuliza urefu wangu. Eti kuna kitanda anataka kwenda ku-exchange."

Alicheka tena, kisha kicheko kikamwishia, kwa sababu Cyrus alikuwa ameivua miwani na kuitia mfukoni. Alimshika mikono yote miwili. Alikuwa ananukia sabuni na chai ya tangawizi. Alisema jina lake, Perpétue, polepole, kama anaonja kitu alichoruhusiwa kula hatimaye. Naye Perpétue, aliyekuwa amezoea kusimama imara katika kila jambo, aliegemeza paji la uso kwenye kifua cha ile suti ya kijivu na kuusikiliza moyo uliokuwa ukienda mbio kama wake. Alihisi lifti inapanda, inapanda taratibu, nyepesi, kana kwamba jengo halina paa.

Mlango ukafunguka.

Walikuwa bado palepale chini. Hakuna aliyekumbuka kubonyeza. Eliezer alisimama mbele yao, kidole kwenye kitufe cha nje. Alikuwa amefika ngazi ya kwanza akageuka, akaona mshale wa shaba unaoonyesha ghorofa, juu ya mlango wa lifti, haujasogea. Nyuma yake bibi mwenye kigari na wenzake wawili walikuwa wamekaa sawasawa kutazama.

Perpétue alitaka kuondoa mikono yake. Cyrus hakuiachia. Eliezer alimtazama mama yake, akamtazama yule mzee, na akaingiza mkono ndani ya lifti, kidole tayari juu ya namba.

"Kwenu ni ghorofa ya ngapi?" aliuliza.

Alijua vizuri ni ya ngapi. Lakini Perpétue alilisikia lile neno moja, kwenu, si kwako, na alijua limechaguliwa.

"Ya nne, papa," alimjibu mwanawe. "Kwa leo bado ni ya nne."